Kikwapa cha joho la Portia

Mwanzoni mwa Februari 2016 mimi na mama tulipanda basi Indianapolis usiku mkubwa kwenda Chicago, safari ya kama masaa manne, na kwa vile saa za Chicago ziko nyuma lisaa limoja tukajikuta tumefika mapema mno, giza bado, baridi inakata masikio. Mama alikua na mfuko mrefu wa nguo ambao alikataa katakata usiwekwe kwenye buti, akaulaza mapajani njia nzima. Ndani yake kulikua na joho jeusi. Mimi nimebeba potifolio yangu, lile folda kubwa la inchi 11 kwa 17 la kuonyeshea kazi zangu, na tumbo linaniuma kwa woga.

Kwa asiyejua, Marekani vijana wa mwaka wa mwisho sekondari wanaotaka kusomea tamthilia chuo wana kitu kinaitwa Unifieds. Badala ya kuzunguka nchi nzima kugonga mlango wa kila chuo, vyuo vinakusanyika pamoja mji mmoja, New York, Chicago, Los Angeles, na wewe unapangiwa miadi na kila chuo ulichoomba. Chicago ilikua Palmer House, hoteli kongwe kabisa ya katikati ya mji, dari la ukumbi wake limechorwa picha unabaki umeangalia juu tu, na upande wa mtaa wa Wabash treni zinapita juu ya barabara kelele mpaka unaacha kuongea. Waigizaji wanakuja na monologi zao mbili zisizofanana, yale maneno marefu ya mhusika anayeongea peke yake, kila moja kama dakika moja, vyuo vingine vinataka moja iwe ya Shakespeare, wa muziki wanaandaa kipande kifupi cha wimbo, bar 16 au 32, na picha ya uso ya inchi 8 kwa 10 yenye wasifu wao nyuma. Ukipanda ngazi unakuta mtu kageukia ukuta anaongea peke yake machozi yanamtoka, wala usishtuke, anapasha.

Sisi wa nyuma ya jukwaa, mavazi, taa, seti, hatuigizi. Tunaingia na potifolio tunakaa tunaulizwa. Mimi nilikua naomba ubunifu wa mavazi.

Sasa habari ya joho. Shuleni kwetu tulicheza ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, na mimi nikapewa mavazi. Kuna pale Portia anajigeuza mwanaume, anaingia mahakamani kama mwanasheria kumtetea yule anayedaiwa ratili ya nyama ya mwili wake. Nikamchorea joho jeusi pana. Kuchora nilijua, kushona nilikua najua mshono ulionyooka tu, na mama yangu ni fundi, alishona Tanga miaka kumi na nne kabla hatujahama, kanzu za harusi, majoho ya mabwana harusi, sare za shule, kila kitu. Kule Indianapolis alikua anafanya shifti ya usiku kwenye ghala, anarudi alfajiri, anasali, analala kidogo, alafu anakaa kwenye cherehani ya Singer aliyoikuta duka la mitumba.

Nilivyompa mchoro hakusema mzuri wala mbaya. Aliuliza, "Huyu mwanasheria wako anafanya nini akishavaa?" Nikamwambia anaongea. "Anaongea kakaa au kasimama? Mikono iko wapi?" Sikua na jibu. Basi akampigia baba mdogo Tanga, kumbe nyumbani kuna nakala ya kitabu, baba mdogo akapiga picha kurasa za mahakamani moja moja akazituma WhatsApp, na mama akasoma zote kwenye simu, jikoni, miwani imeshuka puani, maharage yanachemka. Alivyomaliza akasema, "Huyu lazima anyanyue mkono. Anamzuia mtu mwenye kisu."

Akakata badani, kile kipande cha mbele na cha nyuma, akakata taharizi za ubavuni, alafu akakata vikwapa, vipande viwili vidogo vya mraba vya kushonea kwapani, kila kimoja kama kiganja cha mtoto, akavikunja pembe kwa pembe. Akapiga bandi kwanza, ule mshono wa muda, akanivalisha mimi, akaniambia nyanyua, nikanyanyua, joho halikupanda hata kidole kimoja. Mimi niliona ni ufundi wake tu sikuuliza.

Wakati wa kuandaa potifolio ndio nikakosea. Kila ukurasa unatakiwa uwe na lebo: jina la tamthilia, shule, mwaka, nani kaongoza, nani kapiga picha, na wewe ulifanya nini hasa. Nilikua nimesoma maelekezo yanasema onyesha kazi yako mwenyewe, nikaogopa, nikawaza wakijua nguo kashona mama watasema basi aje mama yako asome. Kwaiyo chini ya picha ya Portia nikaandika ubunifu na ushonaji, jina langu. Nikachapa, nikabandika, mama yupo pembeni ananipigia pasi vipande vya kitambaa vya kubandika kwenye ukurasa huohuo. Kizungu alikua anakisoma vizuri tu. Hakusema kitu. Nikiri, nililiona jicho lake likisimama pale nikajifanya natafuta gundi.

Miadi ya kwanza ilikua saa 4 asubuhi, ghorofa za juu. Ndani kuna meza na mama mmoja wa makamo, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, nikajua huyu ni mtu wa kazi. Akafungua kurasa taratibu. Michoro akapitisha, jedwali la nani anavaa nini onyesho gani akalikagua kidogo, akafika kwenye Portia. Nikamwambia joho lenyewe ninalo. Nilikua nimeambiwa picha zinatosha ila mama ndiye aliyesisitiza, "picha haina ndani."

Na yeye ndicho alichotaka, ndani. Hakuliangalia mbele kabisa, alilipindua, akapitisha kidole kwenye mishono, akaingiza mkono wake kwenye mkono wa joho mpaka kwapani na pale akasimama. Akavuta kile kipande cha mraba kikafunguka kama bahasha. "Hiki kwa nini kipo?"

Nikasema ili anyanyue mkono. "Ulikikataje? Pembe hii uliishonaje isichanike?"

Pembe nne za kikwapa, aisee, mpaka leo nazikumbuka, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, zimerudiwa mara mbili, ndogo mno. Mdomo ukakauka. Treni ikapita chini, nikashukuru ile kelele, alafu ikaisha na yeye bado ananisubiri.

"Ni mama yangu," nikamwambia. "Mama ndiye kakata, kashona yeye lote."

Akaangalia lebo. Akaniangalia. Akasema, sauti ya kawaida kabisa, kwamba kwenye karakana ya mavazi ya kwao kuna mbunifu, kuna mkataji, kuna mshonaji, hizo ni kazi tatu na kila mtu jina lake linaandikwa kwenye programu ya onyesho. "Wewe ni yupi?"

"Mbunifu."

"Basi nionyeshe ulimwambia nini mkataji wako."

Nyuma ya folda, kwenye ule mfuko wa ndani, nilikua nimechomeka karatasi ambayo sikutaka mtu aione, imekunjwa, ina doa la chai, vipimo vya msichana aliyecheza Portia vimeandikwa na mama, pembeni maandishi yangu ya Kiswahili: mkono mpana kama joho la bwana harusi, shingo ipande, akigeuka nyuma isisikike. Na maswali ya mama kwa penseli. Yule mama wa chuo alikaa na hiyo karatasi kuliko kurasa zote, akanifanya nimtafsirie neno kwa neno, nikamweleza badani nini, taharizi nini, akaandika "kikwapa" kwenye daftari lake, akaniuliza spelingi. Dakika zangu zikaisha tukiwa hapohapo.

Chuo kile hakikunichukua, cha mchana ndicho nilichokuja kusoma, ila mimi siku ile ninayoikumbuka ni asubuhi.

Nilitoka nikamkuta mama kakaa chini kwenye zulia la korido, mgongo ukutani, chupa ya chai pembeni, kazungukwa na watoto wa watu wanaoimba. Akaniuliza, "Wamesemaje?"

"Wameuliza kikwapa."

Akanyamaza. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Nikakaa chini nikafungua folda palepale nikaibandua ile lebo, ikachanika nusu, nikaikwangua kwa kucha, nikamwambia mama nisamehe. Akasema, "Kunywa chai, ina tangawizi." Nikatoa lebo mpya, miadi ya pili ni saa 8, nikaandika ubunifu jina langu, chini yake nikaandika ukataji na ushonaji, nikamuuliza niweke jina gani, lile fupi wanalomuita kazini?

Akakataa. Alitaka yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, lake, la baba yake na la babu yake. Nikaanza kwa herufi za kawaida, nikaona halitoshi, lebo imeisha na babu bado yuko nje, nikaitupa. Ya pili nikaandika vidogo, mama kainama ananishikia folda lisitikisike.