Nilivyojizoesha kupiga nyeusi na nyeupe, macho kwanza kamera baadae

Mi picha za nyeusi na nyeupe nimezipenda siku nyingi, ila kupiga ya kwangu ikatoka imesimama ndo ilikuwa kazi. Wengi njia tunayoijua ni moja tu, unapiga ya rangi, ukiona imepooza unaitoa rangi ukitegemea itafufuka, wapi. Rangi ikiondoka kinachobaki ni mwanga, kivuli, umbo na ule mkwaruzo wa vitu, yaani uso wake ulivyo laini au mbaya, sasa kama hivyo havikuwepo wakati unabonyeza utaambulia ukijivu tu.

Kilichonifungua ni setingi moja. Niliweka kamera ihifadhi RAW, yaani faili ghafi lenye kila kitu kamera ilichokiona, afu mtindo wa picha nikaweka monokromu, yaani kwenye skrini naona kijivu tupu lakini faili lina rangi zake zote, sipotezi kitu. Nikawa natembea nayo hivyo na hapo ndo nikaanza kushangaa, mtu kavaa shati jekundu kasimama mbele ya majani ya kijani, kwa macho unamuona toka mbali, kwenye skrini kamezwa, kumbe nyekundu ile na kijani ile zina mwanga sawa kwahiyo zote zinatoka kijivu kimoja. Mwenye njano mbele ya ukuta wa bluu iliyokoza huyo anatoka vizuri mno. Basi nikaacha kujiuliza hii rangi gani, naangalia kipi kinang'aa kuliko kipi, na kama kamera sina nafumba macho nusu, rangi zinafifia vivuli vinabaki. Watu wa sinema hili walilijua zamani, ile damu ya bafuni kwenye Psycho, sinema ya nyeusi na nyeupe ya Hitchcock (1960), ilikuwa sosi ya chokoleti!

Kwenye kuediti nategemea zile slaida (vitufe vya kuvuta kwenye programu) za kung'arisha au kuzima kila rangi baada ya picha kuwa kijivu. Nikishusha bluu anga linakuwa zito na mawingu yanajitokeza, kazi ileile ya filta nyekundu, kioo cha rangi cha kuweka mbele ya lenzi enzi za kamera za mkanda, inapitisha mwanga mwekundu inazuia wa bluu. Ila ukivuta sana anga linajaa chenga na kingo za majengo zinaota mstari mweupe, mi naishia katikati.

Ngozi nyeusi ndo imenifundisha zaidi. Ukipandisha nyekundu na chungwa uso unakuwa mweupe na bapa, hauna uhai, kwahiyo hizo siku hizi sizigusi, namsogeza mtu dirishani mwanga umpige pembeni ili mng'ao ukae kwenye paji na shavu. Afu mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati, uso mweusi ukijaa fremu yenyewe inaupandisha mwanga, so napunguza stopu moja hivi, yaani nusu ya mwanga. Nilikaa sana na picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, huyu alifungua studio Bamako 1948, anamuweka mteja mwenye nguo ya mapambo mbele ya kitambaa cha mapambo pia, na kwa rangi nadhani pangekuwa vurugu, ila kwenye kijivu uso ndo kitu pekee kilichotulia pale, macho yako yanaenda hukohuko bila kuambiwa.

Jua kali la mchana ambalo wapiga rangi wanalikimbia mi ndo nalitafuta, kivuli kinakuwa kitu kizima chenye umbo lake. Machweo bado napiga ya rangi, hapo sibishani na mtu. Na ule mtindo wa kuacha ua moja jekundu picha nzima kijivu siuwezi, Spielberg alifanya kwa koti jekundu la mtoto kwenye Schindler's List (1993), sinema yake ya nyeusi na nyeupe, na kweli unamfuata mtoto mmoja kwenye umati mzima, ila haya maua ya kwenye simu sijui tunayafuata yanaenda wapi.