Siku mama alipokula mahindi ya Amuma

Mama yangu alikuwa hali mahindi. Siyo kwamba yalikuwa yanamdhuru, hapana, alikataa tu. Sisi ni watu wa Fizi kule Kivu Kusini, ugali wetu ni wa muhogo, na kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, posho ilikuwa unga wa mahindi, njegere kavu za njano, mafuta kidogo na chumvi, mwezi kwa mwezi, miaka nenda miaka rudi, kwahiyo watu wakishagawiwa tu wanaenda kubadilishana na wenyeji wapate muhogo, na mama alikuwa anabadilisha hata kwa hasara ilimradi jioni tule ugali wetu. Tulipofika Boise, Idaho, akasema basi, mahindi nimemaliza. Watoto anawachomea, yeye hata punje moja hagusi.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kibaski. Wajukuu wake wanamwita Amuma na sisi tukafuata hivyohivyo. Kazaliwa shambani karibu na Gernika, mkoa wa Bizkaia, kaskazini mwa Hispania, akaja Idaho akiwa bado binti, kamfuata mume aliyekuwa anachunga kondoo milimani. Wabaski wa Boise wengi historia yao ni hiyo ya kondoo. Ukienda katikati ya mji pale Grove Street kuna mtaa wao kabisa, na kuna nyumba ya matofali ya mwaka 1864 ambayo baadaye ilikuwa nyumba ya kulala wachungaji wakishuka kutoka milimani. Amuma alikuwa akipita pale anapunguza mwendo.

Sasa mwaka 2015 ulikuwa mwaka wa Jaialdi, hiyo sherehe yao kubwa, na ndugu zake walikuja toka Bizkaia wakamletea mtungo mrefu wa pilipili kavu zinaitwa choricero, nyekundu iliyoiva kabisa, akaitundika jikoni karibu na dirisha. Wageni wakaondoka, ikaingia Agosti, na kwenye bustani ambayo sisi wakimbizi tulikuwa tumepewa viplot vya kulima mahindi yakaiva yote kwa pamoja. Yale ni mahindi matamu ya Kimarekani, ukiyachelewesha kidogo tu utamu unakwisha, na joto la Agosti la Boise halisubiri mtu. Nikampelekea Amuma nusu gunia. Akaangalia, akavuta ndevu za hindi moja, akabonyeza punje kwa ukucha mpaka maziwa yakaruka, akaniambia kesho njoo na mama yako tukaange bajia.

Mama alikuja, ila alikuja na beseni lake la lengalenga, akakaa kwenye kiti karibu na mlango anachambua majani yake. Nilimwelewa.

Amuma alisimamisha hindi wima ndani ya bakuli pana, akashusha kisu punje zikaanguka, halafu, na hapa ndipo nilipojifunza, akageuza kisu akakwangua gunzi kwa mgongo wa kisu mpaka ule ute mweupe wote ukatoka, akasema humo ndimo ladha ilimo na watu wanaitupa. Nusu ya punje tukazipiga kwenye blenda, nusu tukaziacha nzima. Pilipili zilikuwa zimelowekwa maji ya moto tangu asubuhi, zimevimba na kulegea, akanipa moja niipasue, mbegu pembeni, halafu unachukua kijiko unakwangua nyama ya ndani taratibu, inatoka kitu kizito chekundu, haiwashi hata kidogo, ina utamu wa mbali na harufu ya moshi moshi hivi. Ganda unatupa. Pilipili nne zinatoa labda vijiko viwili vya chakula, ila vijiko hivyo vinabadilisha bakuli zima.

Kitunguu, hoho la kijani na saumu tukakaanga pamoja na soseji ya chorizo iliyokatwa vipande vidogo mpaka mafuta yake mekundu yakatoka. Lakini ile ni nguruwe, na kulikuwa na jirani Msomali na watoto wake ambao lazima nao wale, kwahiyo nikamwambia Amuma tufanye mabakuli mawili na vikaango viwili tofauti. Hakuuliza sana, akatoa jibini ya Idiazabal, ya maziwa ya kondoo, ile iliyokaushwa kwa moshi, akasema bakuli lisilo na soseji ndilo lipate jibini nyingi, moshi wa jibini utajaza pengo. Na kweli. Mimi mpaka leo naona bajia za bakuli hilo ndizo zilizokuwa tamu zaidi. Mayai mawili kila bakuli, unga wa ngano kiasi tu cha kushikanisha, bekingi pauda kidogo, chumvi. Rojo liwe zito, likikaa kwenye kijiko lisimwagike.

Nikamuuliza kama kwao ndivyo wanavyopika. Akasema hapana, hizi bajia amezibuni mwenyewe hapa Idaho baada ya kuonja mahindi ya huku. Kwao mahindi ilikuwa talo, unga wa mahindi unakandwa kwa maji ya moto na chumvi, unapigwapigwa kwa viganja mpaka unakuwa bapa, unaokwa kwenye chuma. Siku hizi watu wanapanga foleni kuinunua Bilbao kwenye soko la Santo Tomás, tarehe 21 Desemba, na soseji ndani, lakini yeye utotoni ndiyo ilikuwa chakula cha shida. Vita ya Hispania iliisha 1939, mkate wa ngano ukawa wa kugawiwa kwa kadi mpaka 1952, kwao ikawa talo na maziwa asubuhi, talo jioni. Alipofika Marekani hakuigusa miaka mingi.

Nilikuwa namtafsiria mama haya yote bila kufikiria, mazoea tu. Mama akaacha kuchambua majani.

"Muulize, na wao walikuwa wanapanga foleni?"

Nikauliza. Amuma akasema ndiyo, na kadi mkononi.

"Muulize walikuwa wanabadilisha?"

Amuma akaweka mwiko chini. Akasema mama yake alikuwa anatoka usiku na mayai chini ya shali, kwa kificho kwasababu ukikamatwa ni kesi, anarudi na unga wa ngano kidogo, na siku hiyo watoto wanaamshwa wale mkate hata kama ni saa nane za usiku. Nikamtafsiria mama. Akauliza, mayai mangapi kwa kilo? Amuma hakukumbuka, akakisia, mama akasema waliibiwa, na yeye akaanza kueleza bei zake za Nyarugusu, kopo la mahindi kwa kopo la muhogo, msimu gani wenyeji wanakubali, msimu gani wanakuringia, na mimi katikati natafsiri huku mafuta yanapata moto na punje nzima zinapasuka na kuruka, ikabidi nifunike kikaango kwa mfuniko nusunusu. Walikuwa wanaulizana kwa haraka kuliko ninavyoweza kutafsiri.

Mama akasimama, akaja jikoni, akachukua bajia moja ya jibini kwenye karatasi ya kunyonyea mafuta, ya moto bado, akaihamishahamisha mkono huu na ule, akaikata katikati akaangalia ndani, akala. Akatafuna polepole. Akachukua na ile nusu nyingine. Halafu akaniambia, "Mwambie dada mkubwa chumvi imepungua," na akaongeza mwenyewe kwenye rojo lililobaki, Amuma akaonja akakubali kwa kichwa.

Zile mbegu za pilipili pia mama ndiye alizikusanya, akaziomba, akazikausha kwenye sahani. Mwaka uliofuata zikaota vizuri kwenye plot yetu, na nyama yake mama huitia kwenye maharage, akiwa na mahindi mabichi ananiita nikwangue magunzi.