Nazi Iliyotutoroka Nyali

Juzi tumekwama juu ya daraja la Nyali, lile liungalo kisiwa cha Mombasa na bara, foleni ya jioni kama kawaida yake, binti yangu akaniuliza kama ni kweli daraja la zamani lilikuwa likielea. Kasikia shuleni. Nikamwambia naam, tena mimi nimelivuka kwa miguu. Akanitazama kama anayetazama mzee wa hadithi.

Lilijengwa 1931, juu ya maboya makubwa, likipanda na kushuka na maji. Yakijaa, wapita kama barabarani. Wakati wa bamvua, yakishapwa, unateremka kuliingia na unapanda kulitoka.

Nakumbuka asubuhi moja ya 1979, maji yanapwa kwa kasi. Bibi ana kapu la nazi kichwani, anazipeleka sokoni Marikiti. Basi hapandi, nauli kwake ni hasara. Tulipofika katikati, lori likatukuta. Daraja likalia, likazama kidogo chini ya nyayo zangu, kisha likainuka polepole na mimi juu yake. Nikaikamata leso ya bibi kwa mikono miwili. Kapu likayumba. Nazi moja ikadondoka, ikabiringika hadi ukingoni, ikapenya, chubwi! Ikapotea. Ikaibuka mbali kidogo, inazunguka, ikashika njia ya Mji wa Kale. Bibi alisimama pale pale, mkono mmoja kapuni, akaisindikiza kwa macho.

"Itafika Forodhani kabla yetu," akasema, "na nauli haikulipa."

Mwaka uliofuata daraja la zege likafunguliwa. Mji ukavuka na sisi: Kongowea, Kisauni, Mishomoroni kukajaa watu. Nyumba ya bibi ilikuwa yake lakini ardhi si yake, kama nyumba nyingi za Mombasa, na mwenye shamba akapandisha kodi ya kiwanja. Minazi ikaenda mmoja mmoja. Sisemi ni daraja lililotuponza. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa usiku wa manane hospitalini kisiwani, na mama alifika kwa teksi, juu ya zege hilo hilo.

Bibi mwenyewe alilisifu daraja jipya hadi siku nauli ilipopanda. Siku hiyo alilitukana ndani ya basi, kwa sauti, tangu Kongowea hadi Buxton, mpaka makanga akampunguzia.