Mkono wa Dracula, na ombi langu moja kuhusu poda

Tangu juzi usiku sijatoa macho kwa hii picha, nimeizumu mpaka imebaki vidoti vidoti. Kama bado haijakufikia, kuna vijana hapa Kisumu wanatengeneza filamu ya Dracula, yule maiti wa kunyonya watu damu, kwa Kiswahili, kutoka kwa ile riwaya ya Bram Stoker ya 1897, na mpaka sai hawajatuonyesha uso wa mtu hata mmoja. Wametoa mkono tu, umenyooshwa kiganja juu kama mtu anakukaribisha kwake, nyuma yake geti la mabati, basi. Kila mtu anabishana ni nani anacheza Dracula. Mimi nataka kujua ni nani amempaka mekapu.

Juu huo mkono umenipa moyo kweli. Kucha ni ndefu na zimechongwa mpaka zikawa na ncha, mtu alikaa na tupa akazifanyia kazi moja moja. Halafu angalia pale katikati ya kiganja, watu wanasema ni kivuli, wengine ati ni uchafu, hapana, hizo ni nywele! Kwa kitabu Jonathan Harker, yule wakili kijana anayeenda kwa Dracula, anaziona nywele za kiganja usiku wake wa kwanza kwa ngome. Kwa hivyo hawa wamesoma kitabu chenyewe, na mimi hapo tayari nimeshawapenda.

Sasa wasiwasi wangu. Ukizumu ile mistari ya kiganja utaona kitu cheupe kimeingia ndani yake. Hiyo ni poda. Na kama kwa mkono wamepaka poda nyeupe, basi hata uso wameupaka hiyo hiyo.

Mimi napamba maharusi karibu kila Jumamosi na najua poda nyeupe inafanya nini kwa ngozi yetu, kwa kioo unaona iko sawa, flashi ikipiga tu mtu anakuwa kama ametoka posho mill. Mtu mweusi akiishiwa damu hawi mweupe jamani, anapauka. Ule wekundu wa chini ndio unaondoka, midomo inakuwa kama udongo mkavu, chini ya macho panaingia kijivu. Hata hospitali wakitaka kujua kama mtoto hana damu ya kutosha wanaangalia kiganja, na wanavuta kope la chini waone pale ndani, hawahangaiki na mashavu. Kiganja! Yaani picha ya kwanza waliyotoa ndiyo ile sehemu yenye ingetuonyesha huyu mtu ni maiti, na wameifunika na poda.

Jumapili nilimkalisha mdogo wangu karibu na dirisha nikajaribu. Nilichukua fondesheni ya rangi yake kabisa, nikachanganya na rangi ya macho ya kijivu na bluu kidogo sana, kama ncha ya kijiti cha kiberiti, nikaipitisha na sponji ikiwa na maji, midomo nikaizima na fondesheni hiyo hiyo. Sikuweka kitu chochote cha kung'aa. Mama akaingia na chai, akasimama pale mlangoni, akauliza huyu mtoto amekuwa mgonjwa tangu lini na mbona hakuna mtu amemwambia.

Na wasisahau kwamba Dracula wa kitabu habaki vile vile. Mwanzoni ni mzee, nywele na masharubu meupe, halafu Harker anamkuta kwa lile sanduku analolala, amenona, nywele zimekuwa kijivu cha chuma, mashavu yamejaa na wekundu unaonekana chini ya ngozi, damu bado iko kidevuni. Kwa hivyo mpakaji anahitaji nyuso mbili au tatu, na huo wekundu utaonekana tu kama mwanzoni uliutoa. Ukianza na poda nyeupe utarudi wapi?

Masharubu nayo naomba yawepo. Bela Lugosi, aliyecheza Dracula kwa filamu ya 1931, hakuwa nayo, hata meno marefu hakuvaa, na dunia nzima ikafuata huo uso wake laini. Nosferatu ya 2024, filamu ya hadithi hiyo hiyo, ilimpa Bill Skarsgård masharubu na nilifurahi sana.

Dani wangu, yaani nyanya, alikuwa akituhadithia juu ya mumiani na wazimamoto, wale watu wa kuchukua damu usiku, na kwa hadithi zake hakuna hata mmoja alikuwa na uso wa ajabu. Walikuwa na yunifomu na gari, wanaongea vizuri, na ndiyo maana tulilala tumefunika vichwa. Nikiwaza Dracula wa Kisumu nawaza mtu kama huyo, ukikutana naye Oginga Odinga Street mchana unamwamkia na unapita, mpaka akupe mkono.

Wanasema picha ya uso inakuja. Ikitoka nitaanza na masikio, kitabu kinasema yamechongoka juu, halafu nishuke kwa midomo nione kama kuna poda imekwama pale pembeni.