Mita 28 za Kurudi

Julai 2009 kila kijana wa kikapu shuleni kwetu Dodoma alitaka kuruka. Mwezi uliotangulia Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa amechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kuingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na uwanjani ikawa habari ni urefu tu: nani anagusa nyavu, nani amebakiza vidole vingapi kuifikia ringi. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na timu nilipewa kwa kuwa niliwahi kucheza nikiwa chuoni. Niliwaambia kwamba huyo wanayemsifu alijijengea jina kule Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kulinda, kwa kuizuia mipira ya watu isifike kikapuni. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kuruka.

Kasoro yetu ilionekana hata na wapishi waliotutazama kutoka mlangoni mwa bwalo. Tukishuti tukakosa, wote watano walisimama kuusindikiza mpira kwa macho, na wapinzani wakawa wameshavuka nusu ya uwanja. Kwetu kosa hilo liligharimu kuliko kwingine. Kiangazi cha Dodoma kina upepo unaoupindisha mpira hewani, mitupo ya mbali inakosa ovyo, na kila mtupo uliokosa ni mbio za kurudi. Wenye kumbi za ndani wanaweza kutegemea shabaha. Sisi wa uwanja wa saruji chini ya jua tulihitaji miguu na akili.

Jumamosi moja jioni nikawapanga. Washambuliaji watano kwenye mstari wa mwisho, chini ya goli. Walinzi watano kwenye mstari wa mtupo huru, kila mmoja akitazamana na wake. Mpira ninao mimi. Nitakayemrushia anaanza shambulio kwenda goli la mbali, mwisho wa pili wa uwanja wa mita 28, na mlinzi anayetazamana naye lazima kwanza akimbie kuugusa mstari wa mwisho ndipo ageuke kuwafuata wenzake. Ni mita 5.8 tu, lakini anapougusa mstari, wengine wote wameshamwacha. Kwa sekunde kadhaa walinzi ni wanne dhidi ya watano. Nililipenda zoezi hilo kwa sababu mechi yenyewe iko hivyo: shambulio la haraka daima linamkuta mmoja wenu yuko nyuma. Kuwakimbiza vijana mistari mitupu bila mpira, kama adhabu, kunawapa pumzi lakini hakuwafundishi waende wapi.

Mara ya kwanza ilikuwa vurugu. Wanne wote walimvamia mwenye mpira, pasi moja ikatoka pembeni, leiapu, mpira ukawekwa kikapuni kwa karibu. Ya pili vilevile. Nahodha, kijana mrefu wa kidato cha nne, akashika kiuno.

"Mwalimu, hapa hakuna haki. Tumepungua."

"Ndiyo maana tunalifanya," nikamjibu.

Nikasimamisha zoezi na kulipunguza: washambuliaji watatu, walinzi wawili. Hapo ndipo kulikuwa na kazi yenyewe, na nilikaa nayo muda mrefu. Walinzi wawili wasisimame sambamba, kwa maana pasi moja ya katikati inawapita wote. Mmoja anakaa mbele, juu ya mstari wa mtupo huru, kazi yake ni kumsimamisha mwenye mpira. Wa pili anakaa nyuma yake, karibu na goli. Pasi ya kwanza ikitoka kwenda pembeni, anayeitokea ni yule wa nyuma. Wa mbele anashuka mara moja kulinda goli na upande wa pili. Hamtafuti kuunyang'anya mpira. Mnawalazimisha wapige pasi moja zaidi, maana kila pasi inampa nafasi mwenzenu aliyegusa mstari kufika.

Nahodha na mwenzake walielewa kwa kichwa, lakini miguu ikakataa. Pasi ikitoka, wote wawili waliitokea, au wote walisita. Nikamwingiza nyuma kijana wa kidato cha pili, mfupi kuliko wote, ambaye kwa kawaida alikuwa akiokota mipira iliyotoka nje. Hakuna aliyemtarajia azuie kitu. Lakini aliposimama chini ya ringi akaanza kusema, kwa sauti iliyofika mpaka bwaloni:

"Kaka, mpira wako! Mimi goli! Kulia yupo mtu, kulia!"

Nahodha hakugeuka. Alikunja magoti, akanyoosha mikono, akamkaba mwenye mpira kwa utulivu ambao sikuwahi kuuona kwake. Hapo ndipo wengine walipoelewa nilichokuwa nikikisema tangu mwanzo wa muhula. Anayekaba mpira amewapa wenzake mgongo, hawezi kuona kilichopo nyuma yake. Macho yake ni sauti ya aliye nyuma. Pasi ikatoka kulia, mdogo akaitokea, nahodha akashuka golini bila kuambiwa mara ya pili. Mshambuliaji akasita, akaudunda mpira mara mbili kutafuta njia. Alipoamua kushuti, nahodha alikuwa ameshamfikia, na ribaundi, mpira uliorudi baada ya kukosa, ikawa yetu. Wakapiga kelele kama waliofunga.

Tukarudi kwenye zoezi kubwa la watano. Sasa uwanja mzima ulikuwa ukisema: mpira, goli, kushoto, narudi. Aliyegusa mstari alikuja mbio akipaza sauti kumuuliza mdogo amchukue nani, naye akamwonyesha kwa kidole. Walifungwa bado, tena si mara chache, lakini hakuna aliyesimama kuusindikiza mpira kwa macho.

Jua lilikuwa likizama nilipotaka kufunga. Nahodha akaja, jasho limemchanganyikia na vumbi.

"Mwalimu, wakibaki nyuma wawili tunafanyaje?"

Sikumjibu kwa maneno. Niliwarudisha kwenye mistari na kuwaambia kwamba safari hii nitarusha mpira na kutaja jina la mlinzi mwingine, na wote wawili wataugusa mstari. Watatu wakabaki na kazi ya kuwasubirisha watano. Leiapu ya kwanza walifungwa. Ya pili, mdogo alianza kupiga kelele kabla mpira haujatoka mikononi mwangu.