Msumari, sumaku na swali la binti wa nyuma

Leo nimetoka darasani na furaha ambayo lazima niiandike.

Nilianza na msumari mezani. Nikausogezea sumaku ndogo ya spika mbovu, niliyopewa na fundi redio hapa Malindi. Msumari ukaruka. Nikawauliza: dunia nzima inauvuta chini, kisumaku hiki kinauvuta juu, nani kashinda? Kimya. Ndipo walipoona kwamba mvutano wa dunia, huu tunaouogopa tukipanda mnazi, ndio mnyonge kuliko kani zote nne, yaani nguvu za msingi za maumbile: mvutano, sumakuumeme, kani kali na kani dhaifu.

Tukaingia ndani ya protoni, chembe ya kiini cha atomi: ina chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, mbili za aina ya "juu", kila moja na chaji ya +2/3, na moja ya aina ya "chini" yenye −1/3. Jumlisheni wenyewe! Waliopata 1 walipiga meza.

Halafu binti mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akauliza: "Mwalimu, protoni zote ni chanya. Mbona hazifukuzani kiini kikapasuka?"

Wallahi nilisisimka. Hilo ndilo swali lenyewe. Nikawaeleza kani kali, inayobebwa na chembe ziitwazo gluoni: inafunga kwaki ndani ya protoni, na mabaki yake ndiyo yanayozishika protoni na nyutroni, wenzao wa kiini wasio na chaji, pamoja. Ni kamba imara kupita zote, lakini fupi mno. Nje ya kiini haifiki.

Kani dhaifu, ile inayogeuza nyutroni kuwa protoni, niliigusa tu, kengele ikalia.

Kesho ni fotoni, chembe za mwanga na za eksirei pia. Nitawasimulia Uhuru, satelaiti iliyorushwa kutoka bahari yetu hii tarehe 12 Desemba 1970 kutafuta eksirei za angani. Yule binti nimemwambia akae mbele.