Msaidizi wa dogo

Watu wakijua nachora manga, katuni za mtindo wa Kijapani, swali la kwanza ni hilohilo, inalipa? Bado. Kodi inatoka kwenye vibao vya saluni na majina ya mitumbwi kule mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, rangi ya mafuta, herufi kubwa, unalipwa palepale au unapewa samaki, manga yenyewe kwa sasa inakula tu karatasi na wino.

Tunakaa watatu geto moja Mabatini, huku juu kwenye mawe, wote wachoraji. Meza moja, kwahiyo mwenye kazi ya haraka ndo anakaa mezani wengine mnalala kifudifudi chini na ubao. Luku tunachangishana. Halafu kuna ule msimu vijidudu vya ziwani vinafuata taa, ukiacha dirisha wazi vinatua kwenye wino mbichi na shujaa wako anaota ndui, basi tunafunga kila kitu tunachora vifua wazi, jasho nalo linadondokea ukurasa, yaani uchague lipi.

Hayo yanazoeleka. Kinachonikaba ni kwamba dogo wetu, mdogo kuliko wote, niliyemfundisha mwenyewe kushika nibu, kapata kazi ya kweli, kitabu cha watoto na advansi juu. "Kaka, mkono wako msafi, nijazie nyeusi na ufute penseli, ntakukatia." Nikasema poa. Ila usingizi siku hiyo ulikuwa wa shida, sitajifanya mtakatifu hapa.

Kulikuwa na nyumba moja Tokyo, Tokiwa-so, walimopanga wachora manga, ya mbao, ghorofa mbili, ilijengwa 1952 wilaya ya Toshima. Osamu Tezuka, gwiji wa manga, alikaa pale, alipohama 1954 akawaachia chumba vijana wawili wa kutoka Takaoka, Hiroshi Fujimoto na Motoo Abiko. Mwanzoni mwa 1955 hao wawili walienda kwao mwaka mpya, wakashindwa kumaliza kazi za magazeti kwa wakati, wakanyimwa kazi kibao. Na Fujimoto ndo baadae akamleta Doraemon, yule paka roboti! Mkubwa wao pale alikuwa Hiroo Terada, mchora katuni za besiboli, aliyekuwa anawakopesha hela wenzake wakikwama.

Ila mi namuwaza Fujio Akatsuka. Kazaliwa 1935, mchoraji mwenzake wa humohumo Shotaro Ishinomori 1938, na mdogo ndo alikuwa na kazi nyingi, mkubwa akawa anamsaidia na kupika. Akatsuka akafikia kutaka kuacha kabisa, Terada akampa hela akamwambia ajaribu tena. Wasimuliaji wanakimbilia alivyokuja kuwa mfalme wa katuni za kuchekesha, sawa, lakini mi nataka ile ya katikati, yuko jikoni anakatakata kabichi na mhariri anagonga mlango kumuulizia mwenzake. Hiyo hakuna anayeisimulia vizuri.

Basi nafuta penseli. Jana nakuta dogo kachora wavuvi wa dagaa usiku, mwezi mpevu juu. Nikamwambia dagaa huvuliwa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu, ukiupeleka huo ukurasa mtoto yeyote wa Igombe atakucheka. Akabisha, eti mwezi unapendeza. Tukabishana mpaka wa tatu wetu akatoka nje na blanketi lake. Mwisho kakubali, nimejaza anga lote nyeusi, chupa ya wino imebaki robo na nyingine ananunua yeye, si ana advansi.